Bluu ya Mama Mkwe

Tangu waanze kufinyanga pamoja, Teodora na Otuoma walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: maonyesho yao yangekuwa ya vyombo vya bluu na nyeupe, basi. Mengine yote waligombania.

Karakana yao ilikuwa Igogo, imejibanza chini ya jabali kubwa, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa kati ya mabati ya majirani. Teodora alikuwa mjane kutoka Kisesa, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na ulimi usiojua likizo. Mitungi yake aliijenga kwa mikono, tonge juu ya tonge, kama alivyofundishwa na bibi yake, na kila mtungi aliuzungushia chatu, maana babu yake alikuwa mcheza nyoka aliyejulikana hadi Misungwi. Otuoma, Mjaluo wa Rorya, mrefu kama mlingoti, alitumia gurudumu, na sahani zake zilijaa samaki.

"Baba Favour," Teodora humwambia, akimwita kwa jina la binti yake, "hawa samaki wako mbona wote wamekodoa macho? Kama watu waliofumaniwa."

"Na huyo chatu wako, Mama Mihayo? Nani atakunywa maji kwenye mtungi uliokumbatiwa na nyoka?"

"Mwenye kiu."

Bluu yenyewe ilitoka mbali. Waliiagiza kupitia Dar es Salaam, unga laini wa kuchorea vyombo vya udongo, ule unaostahimili moto wa tanuru. Mfuko wake ulifika umepasuka, kwa hiyo Otuoma akaumimina unga wote kwenye kopo tupu la majarini, akalifunika, akaliweka dirishani, akasema asiguse mtu. Alimwambia Teodora peke yake, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

Siku waliyopanga kuchora, walikaa kila mmoja upande wake wa meza, vyombo vikiwa vimeshapakwa ule uji mweupe unaogeuka kuwa kioo motoni. Otuoma alichovya brashi, akapiga samaki wa kwanza, akafurahi.

"Unaona inavyoteleza? Hiki ndicho kitu cha nje."

Teodora alisogeza brashi puani. "Inanukia sabuni."

"Vitu vya nje vinanukia, Mama Mihayo. Ulitaka inuke samaki?"

Kisha naye akachovya. Wakachora hadi mikono ikafa ganzi. Chatu walijizungusha, samaki wakakodoa macho, na vyombo vyote vikaingia tanuruni. Maonyesho yalikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa hoteli moja ufukweni, na kwaya ya kigango ilikuwa imeombwa kuja kuimba.

Tanuru lilipopoa, Otuoma alifungua mlango, akachungulia, kisha akaufunga tena. Akaufungua mara ya pili kwa utaratibu, kama anayedhani kosa lilikuwa katika namna ya kufungua.

"Nini?" Teodora akauliza.

"Tazama mwenyewe."

Teodora akatazama. Vyombo vilikuwa vyeupe. Vyeupe pe, kama mayai. Akatoa mtungi wake mkubwa, akauzungusha polepole, akimtafuta chatu kwa tahadhari ileile ambayo mtu humtafuta chatu wa kweli. Hayupo. Wala samaki hawapo, hata jicho moja. Akauweka chini, akatoa wa pili, akamtafuta chatu humo pia.

Otuoma, yeye, alimtafuta mwizi. "Tumechezewa! Mtu ameingia humu akaiba rangi, akatuwekea takataka! Nikimkamata huyo mbwa, nitamkandakanda kama udongo! Nitamweka kwenye gurudumu! Nitamchoma mara mbili, na mara ya pili bila..."

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Wilhelmina, mama mkwe wa Otuoma. Mama wa Kikerewe mfupi, mwimbaji wa sauti ya pili, aliyepanga chumba nyuma ya karakana na ambaye kila asubuhi aliingia humo kuchota maji bombani. Sasa ikumbukwe kwamba Otuoma alilelewa na watu wanaomheshimu mkwe kama sakramenti. Tangu aoe, hajawahi kukaa naye meza moja wala kumtazama usoni. Akisema naye, husema na viatu vyake.

"Shikamoo, mama," akaviambia viatu.

"Marahaba, baba. Nimesikia unamtafuta mtu. Ni nani huyo, nikusaidie kumtafuta?"

"Hapana, mama. Yalikuwa... mazungumzo tu."

Wilhelmina alikuwa na majoho ya kwaya mkononi. Akalikunjua moja. Lilikuwa jeupe hapo zamani. Sasa lilikuwa na mabaka ya bluu kali, mgongoni, kwapani, moja kifuani limetanda kama ramani ya ziwa na visiwa vyake.

"Nimekuja kuwaonya," alisema kwa huzuni. "Ile bluu yenu ya kufulia, ya kwenye kopo la majarini, ni mbovu. Msiinunue tena. Nilitaka wanakwaya wang'ae kwenye maonyesho ya mkwe wangu, nikaloweka majoho ya sauti ya pili, ona sasa! Nimefua, nimesugua, nimesali. Haitoki."

Teodora aliona mshipa ukimcheza Otuoma shingoni.

"Mama Wilhelmina," akauliza taratibu, "na ile iliyokuwa kwenye kopo tulipoanza kuchora?"

"Nilinunua pakiti nyingine dukani nikajaza. Mimi si mwizi."

Teodora aliuma upindo wa kitenge chake. Walikuwa wamechora vyombo vyote, siku nzima, kwa bluu ya kufulia nguo, na moto umeila mithili ya sukari.

"Asante, mama," Otuoma alisema, kila neno likipita kwa shida kati ya meno. "Asante kwa kurudisha." Kisha akaomba radhi, akatoka nje, na Teodora akamsikia akilihutubia jabali kwa Kijaluo, hotuba ndefu isiyo na nukta. Jabali lilivumilia.

Teodora, kwa upande wake, alimgeukia Wilhelmina. "Maji uliyolowekea majoho umeyamwaga?"

"Niyamwage wapi, kuku wakanywe?"

Walilikuta beseni uani, limefunikwa kwa ungo. Rangi ile haiyeyuki kama ya kufulia. Ilikuwa imejilalia chini kama tope la bluu. Teodora aliyachota maji ya juu kwa kikombe, polepole, akachuja tope lile kwa kitambaa, akalibeba ndani kama anayebeba kichanga. Otuoma alipoona, akaacha kulihutubia jabali.

Shida ikawa kwamba bluu haikutosha vyombo vyote.

"Tuanze na samaki," Otuoma akasema. "Samaki ni wadogo."

"Ni wadogo lakini ni ukoo mzima. Tuanze na chatu. Chatu mmoja anamaliza mtungi."

"Anamaliza na rangi!"

"Jamani," Wilhelmina akasema kutoka kwenye kigoda, maana alikataa kuondoka mpaka dhambi yake isafishwe. "Mkwe wangu, mpe mwenzako kwanza. Ni mkubwa kwako."

"Ndiyo, mama."

Teodora alikuwa Mkristo mwema, lakini nafasi kama ile haiji mara mbili. Tangu hapo hakuzungumza tena na Otuoma moja kwa moja. "Mama Wilhelmina, mwambie asitikise meza." "Ndiyo, mama," Otuoma akaviambia viatu. "Mama Wilhelmina, hivi wewe samaki wanaokukodolea macho unawapenda?" Wilhelmina akafikiri, akasema wanamtia hofu kidogo. Otuoma akachovya brashi, na akachora, kwa mara ya kwanza maishani mwake, sato aliyefumba macho.

Wakachanganya rangi na vumbi la kioo ili ishike juu ya kile kioo cheupe kilichokwisha kuungua, wakachoma tena, wakaomba Mungu kila mtu kwa lugha yake. Safari hii bluu ilibaki. Ilichuruzika kidogo: chatu walikuwa na ukungu pembeni, na samaki walionekana wenye usingizi. Nusu ya vyombo vilibaki vyeupe tupu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Otuoma alivaa suti, akasimama karibu na sahani zake, akingoja maswali. Teodora alisimama karibu na mitungi yake, naye akingoja. Halafu kwaya ikaingia: sauti ya kwanza nyeupe, sauti ya pili mabaka ya bluu, Wilhelmina mbele na ziwa lake kifuani. Watu wakapiga makofi kabla hata hawajaanza kuimba. Simu zikainuliwa. Mama mmoja mwenye duka la mapambo aliipita mitungi, akaipita sahani, akaenda moja kwa moja kulishika joho.

"Hii kazi ni ya nani?"

Wilhelmina alitazama kushoto, akatazama kulia. "Ni yangu," akasema.

"Mbinu yake ni ipi?"

"Unaloweka," Wilhelmina akaeleza kwa utulivu mkubwa, "halafu unasali."

Yule mama akamgeukia Otuoma. "Na wewe ni mshirika wake?"

"Mimi," Otuoma akaviambia viatu vya mkwewe, "ni mkwe wake."

Teodora alihisi wivu, nisikufiche ndugu msomaji, baada ya kazi yote ile. Lakini alipoona uso wa Otuoma, kicheko kikampanda kutoka tumboni kisichozuilika, ikambidi atoke hadi ngazi za nje na kukaa. Huko akacheka hadi machozi. Baadaye Otuoma akatoka na soda mbili, akampa moja, akaketi.

"Wamenunua mtungi wako mkubwa," alisema.

"Na sahani zako?"

"Yule sato wa usingizini amegombaniwa na watu wawili." Akanywa. "Usimwambie mama."

"Kwa nini?"

"Atataka niwafumbe macho wote."

Ndani, sauti ya pili ilikuwa imeingia mapema, na Wilhelmina alikuwa akiivuta kwa nguvu irudi kwenye mstari. Wakakaa wakimsikiliza, bila kugombana, mpaka soda zikaisha.