Mgao wa Vidudu

Watu hudhani ukishameza dawa, imekwisha. Wapi. Mwili unachukua unachotaka, kilichobaki unakikojoa, kinashuka na bomba hadi kwenye mitambo ya majitaka, na mitambo yenyewe ilijengwa kuondoa kinyesi, haikujengwa kuondoa diklofenaki. Ndiyo hiyo dawa unayomeza mgongo ukiuma. Inapita salama salimini mpaka mtoni, samaki wanaumia. Shahada yangu ya uzamivu, katika chuo kimoja Parramatta, Sydney, ilikuwa kutafuta njia ya kuikamata kabla haijafika huko.

Silaha yangu ilikuwa tangi moja la kioo lenye tope la kahawia, na ndani ya tope vidudu wasioonekana kwa macho. Niliwatoa kwenye majitaka ya kawaida, nikawafundisha kula diklofenaki. Hawakutaka, na nani angetaka? Nikawapunguzia chakula kingine kidogo kidogo, zaidi ya mwaka, hadi njaa ikawalazimisha kuizoea. Muda wa kuanza upya sikuwa nao, kwa sababu viza yangu ilikuwa inaelekea mwisho. Tope likifa, narudi Kisumu mikono mitupu.

Basi ikaja Julai 2021, korona ikapamba moto, na sisi wa magharibi mwa Sydney tukafungiwa ndani kuliko wengine wote. Nilikuwa nimepanga kijumba cha uani kwa watu pale Seven Hills, stesheni chache tu kutoka chuoni, lakini chuo kilifungwa na barabarani polisi walikuwa wanauliza unaenda wapi. Msimamizi wangu akaniandikia kwamba nisijali, ni tope tu. Tope tu! Nilimwandikia jibu la moto, nikalifuta, nikaandika jingine la adabu. Mwishowe akakubali kwamba mlinzi wa jengo, ambaye lazima azunguke kila siku, amimine chupa moja ya chakula chenye diklofenaki nilichokuwa nimekiacha tayari kwenye friji, kisha ajaze kichupa cha sampuli. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na kibali angepita kila wiki kuzichukua sampuli na kuzipima.

Mlinzi aliitwa Rénovat Ntakirutimana, Mrundi, mtu mzima aliyeletwa Australia kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma. Alipiga simu ya video asubuhi ya kwanza, akaniona, akasikia jina langu ni Aketch, akaacha Kiingereza palepale. "Dada, si tuongee Kiswahili tu tupumzike?"

Uso wake sikuwahi kuuona vizuri, barakoa ilikuwa hadi machoni. Niliuona mkono wake wenye glavu ukimimina chupa, kisha sauti inasema, "Watoto wamekula, dada." Watoto ndio vidudu. Baada ya hapo hakukata. Ananiuliza nimepika nini. Ananiambia Wakenya tunaongea Kiswahili kama tunagombana, nami namwambia Warundi wanakiongea kama wako kanisani. Wenye nyumba wangu walikuwa wakiniachia maziwa mlangoni na kukimbia kana kwamba nina ukoma. Nyumbani Kisumu walikuwa wamelala nikiwa macho, na walipoamka walikuwa na misiba yao. Sisemi uongo, kutwa nzima sauti ya mtu niliyoisikia ilikuwa ya huyo mzee tu. Nilikuwa nachana nywele kabla hajapiga.

Kisha majibu ya sampuli yakaja. Diklofenaki iliyoingia kwenye tangi ilikuwa inatoka karibu yote. Vidudu wangu walikuwa wameacha kazi.

"Mzee, umebadilisha nini?" nilimuuliza.

Hata hakuogopa. "Niliwaongezea uji."

"Uji gani?"

"Uji wa mahindi, na sukari kidogo. Ninao kwenye chupa yangu ya chai. Niliona wamekonda, dada, rangi imepauka. Ile chupa yako haimshibishi mtu."

Nilimpigia kelele hadi mwenye nyumba akachungulia dirishani. Nilimwambia kidudu ni kama mtoto aliyeonjeshwa biskuti, hatagusa mchicha tena. Nani ale dawa chungu na sukari ipo? Nilipotulia nikamweleza njia iliyobaki. Asiwape uji, wala ile chupa ya kawaida. Awape maji yenye diklofenaki peke yake, yale ya chupa za akiba kwenye friji, hadi njaa iwarudishe. Wengi watakufa, na wafe.

Mzee Rénovat aliweka chupa chini. Kisha akasema, "Hiyo kazi mpe mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine."

"Dada, kule kambini mgao ulipopunguzwa, mimi ndiye nilikuwa nashika kopo. Ninachota unga, ninamwagia jirani yangu kwenye mfuko. Wakasema sasa kopo lisijae, lifike hapa katikati. Wamama hawakuniangalia uso. Walikuwa wananiangalia mkono. Nilimwambia Mungu huu mkono hautampimia mtu njaa tena."

Maneno hayo yaliniingia, sikatai. Lakini niliiona ndege ya kunirudisha Kisumu, na mama yangu akiniuliza miaka yote hiyo nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia, "Mzee, hawa si watu. Na ulikubali kazi. Ungeniuliza kabla ya kumwaga uji."

"Ni kweli," akasema. "Nitafanya."

Na akafanya. Kila asubuhi alisimamisha simu, akamimina, akajaza kichupa, akasema "Tayari, dada," akakata. Nilimuuliza amepika nini, akasema amepika. Nilimchokoza kuhusu Kiswahili chake cha kanisani, akasema ni kweli. Tope lilikuwa likigeuka jeusi, mapande yaliyokufa yakielea juu, nami sikuweza kuyaangalia. Nilikuwa nauangalia mkono wake.

Siku yaliporudi majibu mazuri, nilimpigia mimi. Nikamwambia vidudu wamerudi kazini, diklofenaki inaisha ndani ya tangi, shahada ipo.

"Wamebaki wangapi?" akauliza.

"Kama theluthi. Wanatosha, watazaana."

"Bon, vizuri. Mungu asifiwe." Halafu akaniambia ameomba kampuni imhamishie kwenye maghala. Kuanzia Jumatatu atakuja mlinzi mwingine, na ameshamwonyesha chupa na vipimo. "Ni kijana mzuri, anafuata maagizo. Kiswahili tu ndicho hajui."

Msimamizi wangu aliniandikia siku hiyohiyo kunipongeza, akasema lazima nina furaha isiyo na kifani. Nilikuwa bado nimeshika simu. Nilikuwa nimemwomba mzee asikate kwanza, tuongee kidogo, chochote tu. Alikubali, ni mtu wa adabu. Tukakaa hivyo, yeye huko na mimi huku, namsikia akipumua ndani ya barakoa. Kisha akaniambia bado ana ghorofa za kuzunguka, akanitakia siku njema, akakata.