Kidole cha Mwenyekiti

Atuganile alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo la udongo, akikwangua kwa jembe lililokatika mpini, Asajile aliposimama ukingoni na kumwonyesha simu. Kwenye kioo ilikuwa kadi ya kliniki ya Atuganile: jina lake, namba yake, dawa anazomeza kila siku.

"Niliifuta!"

"Ulifuta ujumbe, dada. Picha ilibaki."

Simu ni ya kikundi. Akina mama kumi na wanne wa Ikombe walifinyanga vyungu miezi minne ili waipate, wateja wa Kyela wawe wanaagiza kwa WhatsApp. Uenyekiti wakampa Atuganile. Ukatibu, pamoja na simu, wakampa Asajile, mwanamume pekee, eti kwa kuwa alimaliza kidato cha nne. Wiki iliyopita Atuganile aliiazima dakika tano. Alikuwa anajiandaa kwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, kumuuguza mama yake mwezi mzima, na mdogo wake Mercy alitaka kadi akaulizie dawa za huko. Akapiga picha, akatuma, akafuta, akarudisha simu na kusema ndaga. Maskini, alishukuru kwa mikono miwili!

"Unataka nini, katibu?"

"Kidole tu."

Asajile alikunjua karatasi. Ulikuwa muhtasari wa mkutano ambao haujawahi kufanyika. Ulisema akina mama wameridhia mwekezaji apewe ufukwe ajenge hoteli, shimo la udongo likiwemo.

"Tutafinyanga nini sasa, mchanga?"

"Hilo mtamuuliza mwenyewe. Mimi nauliza hivi: picha hii nikiirusha kwenye grupu la wateja, nani atapikia chungu chako?"

"Ugonjwa huu hauambukizwi kwa chungu. Hata wewe unajua."

"Mimi najua. Wao je?"

Atuganile alimkumbuka Hanifa, mama ntilie wa stendi ya Kyela. Uvumi ulipoanza, wali wake ulichacha sufuriani siku tatu. Siku ya nne alifunga banda. Hakuna aliyemwuliza kama ni kweli.

Alifuta udongo kwenye kanga, akachovya kidole gumba kwenye wino aliokuja nao Asajile.

"Haya, ifute nione."

"Karatasi ziko tatu, dada. Hii ni ya kwanza."

Ijumaa vijana wa mwekezaji wakapigilia vigingi kulizunguka shimo. Marta, aliyeanza kujifunza kufinyanga siku moja na Atuganile, alikuja mbio na nakala ya muhtasari mkononi, wenzake nyuma yake.

"Atu, hiki kidole ni chako?"

"Changu."

"Wamekulazimisha. Sema tu! Twende polisi sasa hivi, sote."

Asajile alikuwa amesimama pale pale, simu mkononi, anasubiri kusikia kama wengine.  Atuganile alitamani kulia, lakini angelia angeulizwa kwa nini.

"Hakuna aliyenilazimisha. Nimeahidiwa bati."

"Bati!" Marta alitema mate. "Umetuuza kwa bati, Atu? Mimi na wewe?"



Alasiri wakapanga vyungu vya mwisho vya kuchoma. Kawaida huchomwa pamoja, vya kila mtu. Safari hii Marta alivichomoa vya Atuganile kimoja kimoja, akavisukuma kando vikiwa vibichi, ndipo wakawasha moto. Asajile akawaambia wasogee karibu na watabasamu, akawapiga picha ya kuwatumia wateja.