Sura ya Tatu na Basi la Kwenda Mjini

Shangazi yangu Saodah, ambaye nyumbani kwetu, jimboni Perak, tunamwita Mak Lang, amekuwa akiwatisha vijana kwa malipo tangu kabla sijazaliwa. Ameandika riwaya kumi na nne za utekaji, usaliti na maiti zinazopatikana mahali pasipostahili. Bwenini kwetu vitabu vyake hufichwa chini ya magodoro, heshima ambayo kitabu cha kemia hakijawahi kupewa.

Mwaka huu mhariri wake, Encik Borhan, yaani Bwana Borhan, alimwambia kuwa vijana wa sasa hawasomi, wana simu. Riwaya ya kumi na tano haitachapishwa.

"Basi twende shuleni kwa mpwa wangu," Mak Lang akamjibu. "Nitawasomea Jumamosi ya kutoka. Wakibaki, unachapa. Wakiondoka, naacha kuandika."

Niliposikia hayo nilikaribia kuzimia. Jumamosi ya kutoka, tunaporuhusiwa kwenda mjini kwa basi, huja mara mbili tu kwa mwezi. Siku nyingine zote tunavumilia samaki wa bwaloni kwa sababu ipo siku hiyo, yenye kuku wa kukaanga na wasichana wa shule jirani. Hakuna aliyewahi kuitoa sadaka.

Kama mpwa mwaminifu, nilimpelekea mpango.

"Mak Lang, mimi na rafiki yangu Fikri tutatoa upepo matairi ya basi. Kazi safi, ya kitaalamu."

Alinitazama kama fundi anayenipimia jeneza. "Thubutu! Msomaji aliyefungiwa mlango ni mateka. Mateka nawaandika, siwatafuti."

Jumamosi akasimama bwaloni, mwanamke mfupi mwenye miwani na hijabu ya zambarau. Encik Borhan alikaa karibu na mlango ili atuone vizuri tukitoka. Mak Lang alisoma kwa sauti ya mtu anayetaja bei za mboga: mvulana amepotea katika shule ya bweni, na ufunguo wa tangi la maji pia haupo.

Sura ya kwanza, wawili walitoka. Ya pili, wengine watano. Encik Borhan akatabasamu. Honi ya basi ikalia getini. Mak Lang alikunywa maji, akageuza ukurasa bila haraka.

Katikati ya sura ya tatu honi ililia tena, kwa hasira. Hakuna aliyeinuka. Fikri alikuwa anatafuna kola ya shati lake. Wale waliotoka walikuwa wamerudi, wamejibana dirishani.

Dereva, Pak Cik Leman, akaingia kwa kishindo. "Nyie watoto mna wazimu? Niondoke na basi tupu?"

"Shhh!" bwalo zima likamkemea.

Akasimama kidogo. Akakaa.

Mak Lang alisoma hadi kifuniko cha tangi kilipoanza kuinuka, kikisukumwa kutoka ndani. Akakunja karatasi zake.

"Leo mwisho hapo."

Meza zilipigwa, vikombe vikaanguka. Pak Cik Leman ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Dada, huwezi kuniacha hapo! Nani yumo?"

"Muulize huyo bwana mlangoni. Ndiye anayekataa kukichapa kitabu."

Bwalo lote likageuka. Encik Borhan alijifuta jasho, akapita katikati yetu na kunyoosha mkono.

"Dada Saodah, nipe karatasi zilizobaki."

"Za kuchapa au za kusoma?"

"Zote mbili. Ila za kusoma kwanza."

Nikapanda juu ya benchi kuwatangazia wote, wakiwemo waliolijua hilo tangu kidato cha kwanza, kwamba yule ni shangazi yangu.