Kitunguu Saumu cha Julai

Kila Oktoba, kabla ardhi haijaganda, darasa la tano la shule moja ya Vermont, Marekani, hupanda kitunguu saumu. Huvunwa Julai, na ikifika Julai wapandaji wameshahamia shule nyingine.

"Kwa hiyo tunahangaika ili watu wengine ndio wale?" Thea aliuliza, kucha zimejaa udongo.

"Ndiyo hivyo," alisema Mwalimu Pruitt. "Ncha ya punje iangalie juu. Ukiipindua, kitunguu kitaota kimepinda, tena kiwe kidogo kama kidole cha mtoto."

Mwalimu alipompa kisogo, Thea alizipanda punje zake kumi zote kichwa chini, akazifunika kwa majani makavu kama wenzake.

Mchana walikula supu ya boga. Thea alirudi kuomba bakuli la pili.

"Leo umetia nini, Bi Odell?" alimuuliza mpishi.

"Kitunguu saumu cha bustanini. Wale wa mwaka jana walikipanda mvua ya barafu ikiwapiga. Caleb vidole vilimfa ganzi mpaka akalia."

Caleb, yule aliyekuwa akimcheka kwenye basi kila asubuhi mwaka jana. Thea aliliangalia bakuli, kisha akalimaliza polepole.

Alitoka bila koti hadi bustanini, akapiga magoti, akazigeuza punje zake moja moja. Pembeni kulikuwa na sehemu ya Otto, mpole wa darasa, aliyepanda bila kunung'unika. Thea alisita, akafukua.

Za Otto pia: zote kumi, kichwa chini.

Akaguna, akaanza kuzigeuza.