Kamba Katika Swali la Saba

Kwa miaka thelathini na moja Mshonaji alikuwa ameficha chupa moja ndogo nyuma ya debe la unga, na hapakuwa na aliyejua habari zake ila yeye na muuza duka. Asubuhi hiyo, katika chumba namba nne cha hospitali, alianza kuhofu kwamba siku za siri ile zilikuwa zimekwisha.

Aliketi na mumewe mbele ya meza ya daktari wa mapafu. Waliomjua mumewe walimwita Mzee Fundo, kwa kuwa kwa miaka arobaini alifunga mizigo juu ya malori, wala fundo lake halikuwahi kulegea njiani. Sasa saratani ilikuwa imepiga kambi katika pafu lake la kulia. Dawa za kupitia mshipani zilimpukutisha nywele na kumchubua kinywa, uvimbe wenyewe ukabaki palepale. Hospitali ilikuwa inaanza kujaribu dawa ya kuvuta kwa pumzi. Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na orodha ingefungwa saa sita mchana siku hiyohiyo.

"Mzee wangu, nasikitika," daktari alisema. "Jina lako limeondolewa."

"Limeondolewa na nani?"

"Na wewe mwenyewe. Swali la saba."

Daktari aliigeuza fomu ili waione. Mzee Fundo aliijaza nyumbani peke yake, akiwa amempa mkewe mgongo kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Swali lilisomeka: *Je, una tatizo lolote na kamba?* Chini yake, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika: NDIYO. TENA KUBWA. TANGU UJANA.

Mshonaji aliyasoma maneno hayo mara mbili. Tangu ujana?

Kwenye kiti cha pembeni alikuwapo mtaalamu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Maganda. Ndiye aliyeitengeneza dawa hiyo, na fomu pia aliitunga yeye.

"Baba, hukuvimba midomo?" aliuliza kwa upole. "Hukuwashwa? Hukubanwa na pumzi?"

"Midomo ya nini, binti yangu? Mimi huungua viganja!" Mzee Fundo aliitandaza mikono yake mezani, juu ya fomu. "Kovu hili ni la siku lori la saruji lilipoteleza. Hiki kidole, kamba ilikizunguka ikakivunja mara mbili. Ningesema sina tatizo nayo, ningekuwa mwongo."

Kisha daktari akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Baba," Bi Maganda alisema, "tuliuliza kamba wa baharini. Yule anayeliwa."

"Basi mngeandika *kamba wanakudhuru*! Mnaniandikia kamba hivihivi, hana kichwa wala mkia, nitajuaje kama ni mnyama au ni ya kufungia mzigo?"

Daktari alimtazama Bi Maganda, naye Bi Maganda akaitazama dari. Kusema haki, mzee hakukosea. Kiambishi kimoja tu, kikiwekwa mahali pake, kingemtenga mnyama na uzi; lakini sentensi ile ilikuwa imepangwa kwa namna ya kukikwepa kabisa.

"Na kamba wa baharini ana kazi gani kwenye pafu langu?" mzee aliendelea.

Bi Maganda alifurahi kuulizwa jambo alilolijua. Alieleza kwamba katika maganda ya kamba mna kitu kinachoitwa kitozani. Husafishwa mara nyingi, kisha hutengenezwa chembe ndogo mno, kiasi kwamba mamia yake yangepangana juu ya unene wa unywele mmoja na nafasi ingebaki. Dawa hufungwa ndani ya chembe hizo. Zikivutwa kwa pumzi, hunata kwenye utando wenye majimaji ndani ya mapafu, halafu huiachia dawa kidogokidogo palepale penye ugonjwa.

Mzee Fundo alichora fundo hewani kwa kidole.

"Kumbe ile ya mshipani ni mzigo usiofungwa," alisema. "Umemwagika njia nzima. Nywele zimepata, tumbo limepata, mwenye mali hakupata kitu. Ninyi mmeufunga."

"Sijawahi kulieleza vizuri hivyo," Bi Maganda alikiri.

"Basi tusahihishe," daktari alisema, akafungua kalamu. "Kamba wa baharini unamla, hakudhuru?"

"Mimi? Yule mende wa majini, macho yamemtoka nje kama anadai kitu? Sijamtia kinywani tangu nizaliwe! Harufu yake naisikia toka mtaa wa pili. Muulize mke wangu."

Kalamu ilisimama.

Daktari alieleza kanuni kwa utaratibu. Chembe zilisafishwa vizuri, lakini hawakutaka kubahatisha na pumzi ya mtu. Anayemla kamba bila kudhurika angepokelewa leo. Asiyewahi kumla angesubiri kipimo cha ngozi, na mpimaji angerudi baada ya wiki tatu. Orodha isingemngoja.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika arobaini.

Mshonaji aliikunja mikono, akaikunjua. Aliutazama upara wa mumewe, uliokuwa na nywele miaka miwili iliyopita.

"Labda amewahi kuonja," alisema. "Kwa bahati mbaya."

"Nionje wapi?"

"Mahali."

"Mahali gani, mama watoto? Mimi nyumbani hutoka kwa ajili ya kazi tu!"

"Basi ni nyumbani," alisema Mshonaji.

Mzee Fundo aligeuka na kiti chake.

"Kile kiungo cha mama yangu," mkewe alisema haraka, kama anayeng'oa bandeji. "Kile unachokisifu mbele ya madereva. Ni kamba wakavu. Nawasaga, nawaficha ndani ya chupa nyuma ya debe la unga."

"Umenipiga kamba!"

"Sikukupiga, nimekulisha."

"Miaka yote?"

"Thelathini na moja."

"Kwa wiki mara ngapi?" daktari aliuliza, kalamu ikikimbia.

"Jumanne na Ijumaa."

"Ijumaa!" mzee alilia. "Ijumaa ndiyo huongeza sahani ya pili!"

"Hata mara moja hakuvimba?" Bi Maganda aliuliza.

"Huvimba tumbo tu, kwa shibe."

Daktari alimpa karatasi ya ushahidi. Mshonaji akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo kiasi, siku na namna ya kusaga, akatia sahihi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Mzee Fundo alikuwa akiinusa mikono yake, kana kwamba pua iliyomsaliti miaka yote ile ingejirekebisha leo.

Saa nane alikuwa ameketi kitandani, muuguzi mlangoni, na kifaa kikinguruma taratibu. Bi Maganda alimkabidhi Mshonaji barakoa ya kuvutia dawa, maana mzee alisema hataki ivalishwe na mtu mwingine.

"Umenifanyia hila," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Na hila yenyewe ndiyo imenipa nafasi. Sasa nikununie vipi?"

"Ninunie ukipona."

Mzee alicheka, akakohoa, akatulia. Kisha jicho moja likafinyika kwa wazo jipya.

"Ngoja kwanza. Na maini je? Unajua wazi kwamba hata maini sili, usije ukawa—"

Mshonaji alimfunika pua na mdomo kwa barakoa, akaizungusha kamba yake kisogoni, akaivuta, akapiga fundo ambalo hata mume wake asingeweza kulitia kasoro.

"Vuta pumzi, baba watoto," alisema. "Ndefu."