Kitanda cha Mpini

Kila asubuhi kabla ya saa mbili nilikuwa nafuta taipureta kwa kipande cha kanga kuukuu, naweka karatasi mpya ya kaboni, kisha nachonga penseli. Ilikuwa mwaka 1979, na nilikuwa karani mkaguzi wa Mfuko wa Matibabu wa Wafanyakazi katika shirika moja pale Kibaha. Siku hiyo nilikuwa kwenye penseli ya pili wakati mkuu wangu, Ndugu Didas, alipotupa faili mezani.

"Stellamaris, huyu anaomba kitanda cha mpini nyumbani kwake. Nenda Sofu kesho ukamkague. Ijumaa kamati inakaa."

Nikasoma jina: Ponsiano. Ncha ya penseli ikavunjika.

"Vipi, unamfahamu?"

"Hapana, Ndugu Didas."

Nilisema kwa sauti ya chini, wala sikuongeza neno; ndivyo nilivyokuwa. Chuoni wenzangu waliniita Sista, kwa sababu nilikuwa naongea kwa kunong'ona, kama mtu anayeungama.

Kitanda cha mpini ni kile cha chuma cha hospitalini. Unazungusha mpini ulioko miguuni, upande wa kichwani unapanda, na mgonjwa anaketi bila kuutumia mgongo wake. Mfuko ulikuwa unagharamia kitanda hicho nyumbani kwa mwanachama asiyeweza kuketi bila msaada, basi. Ndilo lilikuwa swali la saba kwenye fomu. Ukiweza kuketi, hupati. Na kamati haikwenda kumwona mgonjwa. Ilisoma fomu tu.

Baba yangu, Thadeo, aliangukiwa na injini ya trekta kwenye karakana ya shirika mwaka 1973, akavunjika mgongo. Tulikuwa tunaishi Masaki, Kisarawe, na alilala kwenye kitanda cha kamba. Mkaguzi aliyetumwa alikuwa Ponsiano, ambaye alihama ofisi ile kabla mimi sijaajiriwa. Baba aliposikia gari, alimwambia mama amvalishe shati la kanisani. Mama akamsihi asijitese.

"Mtu ametoka Kibaha mpaka huku kwa ajili yangu," baba akasema, "nimpokee nimelala kama gogo?"

Akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, akajiinua, akaketi. Akamuuliza mgeni habari za watoto na za barabara. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha maji, nikaona jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Ponsiano alikula mihogo yetu, akaandika, akaaga. Gari lilipopotea kwenye mikorosho, baba aliangukia ubavu akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia.

Baada ya wiki mbili ikaja barua: mgonjwa anaketi mwenyewe, ombi limekataliwa. Mama alikwenda ofisini mara mbili. Mara ya pili Ponsiano alimwambia, "Mama, nilimwona kwa macho yangu. Unataka niidanganye serikali?"

Vidonda vya kulala vilianzia kiunoni vikafika mfupani. Niliviosha mimi, kwa maji ya chumvi, miezi minane, mpaka tulipomzika.

Watu huniambia nina moyo laini. Ni kweli. Nikiona kuku amekanyagwa na baiskeli, silali vizuri. Lakini jioni ile, nikirudi nyumbani kwangu Pangani, hapo hapo Kibaha, nilikoishi na mama, nilitembea mwendo mzima nikipanga, wala sikujisikia vibaya hata kidogo.

Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, kesho naenda kumwona mgonjwa, mtu wa kazini. Ni yule Ponsiano."

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Amepatwa na nini?"

"Lori lilipinduka. Ni mgongo."

Akaokota mawe mawili madogo, akayatupa nje. "Nitakwenda na wewe," akasema. "Nimbebee mayai, labda hata hamu ya kula hana."

Nilijua atasema hivyo. Fomu sikumtajia.

Kesho yake, pale Sofu, nilimwomba anisubiri kidogo barazani. Mke wa Ponsiano, Tereza, alinifungulia.

"Wewe ndiye wa fomu? Mtoto mdogo hivi? Mimi nimefagia uwanja mzima, nikijua linakuja jitu la kaunda suti."

Ponsiano alikuwa amelala chali kwenye godoro sakafuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitambua. Alijibu maswali sita kwa adabu, akiniita mwanangu. Kulala anawezaje? Kula je? Nani anamsafisha? Hapo Tereza aligeukia ukutani.

"Na la saba?" Ponsiano akauliza. Alizijua fomu zile kwa moyo.

"Tutalirudia," nikasema. Nikaenda mlangoni. "Mama, ingia."

Mama aliingia na mayai yake kwenye pindo la kanga. Ponsiano akageuza shingo, akamwona. Mama alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi au zaidi, tena mjane wa Thadeo. Nilimtazama mgonjwa macho yakimzunguka kama anatafuta pa kutokea. Kisha akakita viwiko sakafuni.

Tereza akarukia mabega yake.

"Niache."

"Baba Fabian, utaumia."

"Niache, nimesema."

Akajiinua. Meno aliyauma mpaka taya zikatetemeka, lakini aliketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lala, lala jamani, mimi si mgeni wa kuinukiwa."

"Nikuamkie wewe nimelala? Hapana, mama. Habari za nyumbani?"

Jasho likaanza kwenye paji la uso, likashuka. Nililitazama likishuka. Nikaandika kwenye swali la saba: Anaketi mwenyewe. Nikaandika taratibu, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni.

Alisikia kalamu. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, kisha mama, kisha mimi tena.

"Wewe ni binti wa Thadeo."

"Ndiyo."

"Umejaza la saba."

"Nimejaza nilichokiona kwa macho yangu."

Mikono ikamwishia nguvu, akaanguka godoroni kwa mguno. Tereza akapiga magoti kando yake. "Kajaza nini? Nyie, kajaza nini?"

"Jasho la baba yako nililiona," Ponsiano akasema akitazama dari. "Niliona, mwanangu. Fomu haikuwa na swali la jasho."

"Hii pia haina," nikasema.

Mama alikuwa amesimama palepale, mayai bado kwenye kanga. Alinigeukia polepole.

"Stella, hukuniambia habari ya fomu."

Nikainamisha kichwa.

"Usiniinamie. Ulinileta hapa kwa ajili gani?"

Nilifunga faili. Sauti yangu ilipotoka ilikuwa kubwa, mpaka Tereza akageuka kunitazama.

"Nilikuleta ili aketi, mama. Nilijua hatakuamkia amelala. Nataka akose kitanda. Nataka alale hapo chini mpaka aoze kama baba alivyooza, na nilitaka anisikie nikisema."