Inchi Nne za Mabkhut

Fundi akibadili maneno ndani ya siku tatu, ujue kuna mtu katikati. Hivyo ndivyo alivyoamini Mabkhut, na tusimcheke mapema, maana wasiwasi ndio akili, na yeye akili ya namna hiyo alikuwa nayo ya kugawia ukoo mzima.

Jumamosi, Shahdad, fundi wa springi pale Thumrait, mji wao wa ukingoni mwa jangwa, alilizunguka gari la Mabkhut mara mbili, akapiga goti, akachungulia chini, akasimama akijifuta mikono. "Inchi nne," alisema. "Springi ndefu, shokapu ndefu. Tumbo la gari halitagusa jiwe tena maisha yako yote." Akamwonyesha na seti yenyewe juu ya rafu, nyekundu, bado imefungwa karatasi zake. Mabkhut aliipapasa kama mtu anavyompapasa ndama aliyezaliwa alfajiri ile. Wakaagana mpaka Jumanne.

Jumanne asubuhi, Shahdad huyohuyo, kwa mdomo uleule, akasema, "Mbili zinatosha."

"Mbili nini?"

"Inchi mbili. Nimefikiri, bwana Mabkhut. Gari lako linabeba maji, mahema na majani ya ngamia. Springi zako zimechoka, ndiyo maana limeinama hivi. Tukiweka ngumu za inchi mbili litasimama hata likiwa na mzigo. Nne ni nyingi. Ukipita tuta la mchanga kwa ubavu, litataka kulala. Shafti nayo itakaa vibaya, ianze kutetemeka. Usukani utakuwa kama wa mlevi."

"Na Jumamosi hayo yote hayakuwepo?"

Shahdad akatazama dari. "Jumamosi nilikuwa muuzaji. Leo ni fundi."

Lilikuwa jibu zuri, na uzuri wake ndio uliomfanya Mabkhut asiliamini. Akageukia rafuni. Palikuwa na makopo ya grisi na kalenda ya mwaka juzi. Seti nyekundu haikuwepo.

"Iko wapi?"

"Imehama kidogo," Shahdad akasema, kisha akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Ili umwelewe Mabkhut lazima ujue kilichompata mwaka jana. Mvua iliponyesha ndani kule mchangani, ukoo ulitoka kufuata malisho, magari tisa kwa mstari, na mama yake, Bi Tuful, ameketi kiti cha mbele kama alivyoketi kila mwaka tangu mumewe afe. Kwenye ukingo wa mawe kabla ya mchanga kuanza, gari la Mabkhut likakaa juu ya jiwe kwa tumbo, matairi yanazunguka hewani. Bi Tuful akashushwa, akakaa kwenye kivuli cha gari saa nzima na nusu, wakwe na majirani wanapita wakimpungia mkono. Aliyewavuta kwa kamba hakuwa mwingine ila Suhail, mtoto wa mama yake mdogo, mwenye gari lililoinuliwa inchi nne na mdomo ulioinuliwa zaidi. "Hilo si gari, ndugu yangu," Suhail alimwambia mbele ya watu, "hilo ni mkeka." Mabkhut aliimeza ile kauli na mpaka leo haijashuka. Mwaka huu mvua imenyesha tena, safari ni baada ya wiki mbili, na aliapa mama yake hatakaa tena chini ya gari kama mzigo uliomwagika.

Kwa hiyo hakumuuliza Shahdad neno jingine. Watu wa kwao hawaulizi mambo ambayo ardhi imeshayasema. Babu yake aliitwa na wakubwa kutafuta wezi wa ngamia kwa nyayo tu, na katika nyumba yao mtoto aliyeuliza "nani kapita hapa?" alipigwa kofi na kuambiwa ana macho. Mabkhut akatoka uani, mahali ambapo mchanga wa jana jioni ulikuwa bado haujavurugwa, akainama.

Alama ya tairi la nyuma la kulia ilikuwa na mkato wa jiwe ulioukata mstari wa katikati. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Lilikuwa tairi la Suhail. Na nyayo zilikuwa za Suhail, mguu wa kushoto umetazama nje tangu ngamia amtupe utotoni. Zilianza pale mlango wa dereva ulipokuwa, nyepesi. Zikazunguka mbele ya gari mpaka mlango wa abiria. Kutoka hapo hadi kizingiti cha gereji zilikuwa nzito, visigino vimezama vidole viwili. Zikatoka tena gereji, nzito vilevile, mpaka mlango wa abiria, kisha nyepesi mpaka kwa dereva.

Kitabu kizima hicho. Suhail alikuja na kitu kizito, na akaondoka na kitu kizito. Alichokuja nacho ni zawadi, kondoo au gunia la tende. Alichoondoka nacho huhitaji kuwa mjukuu wa mtafuta wezi kukijua. Tena alikipakia kiti cha mbele, kama mke, kisije kikachubuka rangi.

Alirudi ndani kuchukua ufunguo. Karibu na mlango palikuwa na kiti cha ofisini kilichotandikwa mto, na hewa ilinukia ubani kidogo juu ya harufu ya dizeli. Mabkhut hakuvitilia maanani. Alikuwa ameshapata alichokitafuta, na mtu akishapata, pua yake hupumzika.

"Nifunge mbili?" Shahdad akauliza.

"Usifunge kitu," Mabkhut akasema.

Nyumbani, Bi Tuful alikuwa ukumbini, fimbo yake ameilaza mapajani. Kabla mwanawe hajavua viatu akauliza, "Shahdad amesema ngapi?"

"Mbili."

"Basi mbili," akasema upesi. "Fundi anajua kazi yake."

Mabkhut akamtazama. Mama yake, ambaye huwasuta madaktari na aliwahi kumrudishia mchinjaji nyama mara tatu kwa siku moja, leo anamwamini fundi springi. Na pale nje, mbele ya mlango wa mama yake mzazi, alikuwa amepita juu ya alama ya tairi lenye mkato.

"Suhail alikuja jana?"

"Aliniletea maziwa."

Mabkhut akaingia jikoni. Birika la maziwa lilikuwa kavu, limegeuzwa chini juu, na buibui ameanza kulizoea. Moyo ulimuuma kweli. Fundi kununuliwa ni biashara, lakini huyu mwanaharamu amemfikia mpaka mama. Amemlisha maneno gani? Kwamba mwanawe hawezi kuendesha gari refu? Kwamba akae mwaka huu mjini, au apande gari la mpwa wake?

Hilo la mwisho lilimkaa rohoni, halikutoka. Kiti cha mbele. Suhail hataki springi tu, anataka kiti cha mbele.

Siku mbili hakulala vizuri wala hakuongea vizuri. Alhamisi baada ya alasiri akaenda kwa Suhail. Wakasalimiana pua kwa pua, wakaulizana habari, mvua, ngamia, wagonjwa, wote wawili wakasema hakuna habari ila ya heri. Suhail akatandika mkeka, akaleta tende, akainua mdila na kumimina. Mabkhut akapokea finjani kwa mkono wa kulia, na badala ya kuipeleka mdomoni akaiweka juu ya mkeka mbele yake.

Suhail aliacha kutabasamu. Kwao finjani ikikaa chini ina maana mgeni ana haja, na kahawa haitanyweka mpaka mwenye nyumba aikubali. Kuikataa ni aibu itakayowafikia wajukuu.

"Kunywa kahawa yako, mtoto wa mama mkubwa," Suhail akasema taratibu. "Unalolitaka umelipata."

"Umelitoa?"

"Nimelitoa. Ukitaka gari, ufunguo ule pale. Ukitaka binti, subiri akue."

"Sitaki gari lako." Mabkhut alikuwa amelifanyia mazoezi neno hili njia nzima. "Nataka ulichokibeba Jumatatu jioni gerejini kwa Shahdad. Ulichokitoa mlangoni ukakiweka kiti cha mbele. Nimeziona nyayo, Suhail, usijisumbue kuapa."

Suhail alimtazama, akaitazama finjani, akamtazama tena. Kwanza alionekana kama mtu anayetaka kucheka. Kisha kicheko kikamwishia usoni.

"Hicho si changu cha kutoa," akasema.

"Umeshakitoa. Kahawa inapoa."

"Niliapa nisiseme."

"Sijakwambia useme. Nimekwambia unipe."

Suhail akasugua goti, na Mabkhut akafurahi kumwona amebanwa, furaha ya mwaka mzima. Hatimaye Suhail akasimama na kuchukua ufunguo. "Twende nikupe," akasema. "Na Mungu ni shahidi wangu kwamba sijasema neno."

Hawakwenda mbali. Gari refu lilipita msikitini, likapita duka la majani, likakata kona, likasimama mbele ya nyumba ya Mabkhut mwenyewe.

"Mbona hapa?"

"Nilichobeba kiko ndani," Suhail akasema. Hakushuka.

Mabkhut alibaki ameshika kitasa. Alifikiria springi nyekundu zimefichwa chini ya kitanda cha mama yake, akafikiria hila, akafikiria mzaha. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, mtu mwenye wasiwasi tu, visigino vile vilivyozama vikaanza kumrudia kimoja kimoja. Na kiti chenye mto. Na ubani. Ubani ule ambao hakuutilia maanani kwa sababu ameunusa tangu siku aliyozaliwa.

Akaingia. Bi Tuful alikuwa amekaa palepale. Akasikia gari la Suhail likinguruma nje, akaona uso wa mwanawe, naye hakuwa mtu wa kuelezwa mambo mara mbili.

"Amesema?"

"Hakusema. Nilimwekea finjani chini. Nilimwomba alichobeba."

Mama akacheka kidogo, halafu akaacha. "Kumbe ni wa kuombwa kwa kahawa mimi, kama ngamia."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia nini? Kwamba magoti yamekufa? Nilipanda lile gari la Suhail mara moja, kwenda kwa Shahdad. Kupanda kwenyewe ilibidi anisukume kama gunia. Kushuka sikuweza. Kwa hiyo nikabebwa. Shahdad akatazama pembeni, Mungu amlipe." Alikuwa akiisugua fimbo kwa kidole gumba. "Ningekwambia ungesema, mama, nitakubeba. Na ungenibeba kweli, nakujua. Kila kituo, mbele ya wake za watu, kushuka kuswali, kushuka kunywa maji. Nikabebwa mara moja na mpwa wangu ili nisibebwe na mwanangu mpaka nife."

Mabkhut alikaa chini, mbali naye kidogo, kama mtu aliyefika kuposa.

"Nilimwambia Shahdad asiliinue gari lako hata unywele," Bi Tuful akaendelea. "Akasema ukikwama tena kwenye jiwe utajiua. Tukabishana kama tunauziana mbuzi. Tukashukia mbili, na ngazi ya kukanyagia chini ya mlango. Nimemwambia azifiche zile nyekundu, maana ukiziona tu utakuwa mtoto." Akamtazama vizuri. "Wewe mjukuu wa yule mzee. Uliziona nyayo za Suhail, zangu hukuziona?"

"Hazikuwepo, mama."

Nje Suhail alizima gari. Mabkhut alitazama chini, kwenye mchanga mwembamba uliopeperushwa mpaka kizingitini, ambako nyayo za mama yake zilikuwa zimejaa, za leo juu ya za jana. Hatua zilikuwa fupi, shubiri moja na nusu, na mguu wa kulia uliburutwa. Kwa kadiri alivyojua zilikuwa hivyo mwaka mzima. Alizikanyaga kila siku akienda kusoma nyayo za watu wengine, na alipojua hilo machozi yalimtoka, hakuyaficha.

"Ile fimbo," akasema baadaye. Karibu na ncha yake ya chini palikuwa na mstari mweupe wa chaki.

"Shahdad ndiye aliyepima. Hapo ndipo mguu unapofika wenyewe."

Jumamosi, Mabkhut aliiweka fimbo juu ya meza ya Shahdad. Fundi aliitazama, akaenda nyuma ya pipa la oili taka, akavuta turubai na kuzifunua springi nyekundu. "Nizirudishe rafuni?"

"Zirudishe. Nifungie mbili," Mabkhut akasema. "Na ngazi iwe kwenye chaki. Nitapima."

Alipima mara tatu. Tabia haifi kwa wiki moja.

Asubuhi ya safari magari yalijipanga nje ya nyumba ya Mabkhut. Suhail, kutoka juu kule kwake, akauliza kama mkeka umeota miguu. Mabkhut akamwambia anyamaze, asije akawekewa finjani nyingine. Bi Tuful alitoka na fimbo yake, akawaambia wote wageuke wakatazame milima, na wote wakageuka, watu wazima na funguo zao mikononi. Palisikika fimbo ikigonga chuma, pumzi moja ndefu, kisha mlango ukafungwa.

Mabkhut alipogeuka mama yake alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, ametazama mbele kana kwamba amechoka kusubiri. Mchangani kulikuwa na nyayo fupi na matundu ya fimbo, zikija mpaka kwenye ngazi na kukoma hapo. Hakuna nyingine kando yake. Akazunguka kwa nyuma ya gari ili asizikanyage, akapanda, akawasha.